Acheni seti, nunueni sufuria kwa chakula mnachopika

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie vyombo vya jikoni. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 uzinduliwe Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kaya nyingi zimeweka jiko la mkaa pembeni zikachukua mtungi wa gesi, na nyingine jiko la umeme. Kinachosemwa ni jiko na bei ya kujaza mtungi. Sufuria haina msemaji. Mtu anafika nyumbani na jiko jipya, anagundua vyombo vya zamani vinayumba juu yake au havipati moto kabisa, na kesho yake anakwenda dukani kubeba seti ya vipande 12.

Sisi tunaofundisha upishi tunasema bila kumung'unya maneno: seti ni njia mbovu ya kujaza jiko upya. Katika vipande hivyo 12, mifuniko nayo imehesabiwa. Ndani yake mna sufuria mbili au tatu utakazozitumia kila siku, zilizobaki zitakaa kabatini, na fedha yako imetawanywa kote. Ndiyo maana kila kipande ni chembamba. Fedha ileile ingekupatia vyombo vichache vizito vya kudumu miaka mingi.

Pa kuanzia ni chakula. Andika kinachopikwa nyumbani kwako wiki nzima na kwa watu wangapi, kisha yageuze hayo kuwa lita. Chukua familia ya watu 5 au 6. Mchele kilo 1 una ujazo wa lita 1 na robo hivi, na ukiiva unakaribia lita 3 na nusu. Sufuria ya lita 5 inautosha na kubakiza nafasi ya kugeuza. Katika ya lita 4 povu litafurika, na katika ya lita 8 mchele utatandazika chini, maji yakauke kabla kiini hakijaiva. Ugali wa unga kilo 1 kwa maji lita 2 hivi nao unataka lita 5, lakini isiwe sufuria hiyohiyo: ya wali inahitaji mfuniko unaokaa sawasawa bila kupitisha mvuke, ya ugali inahitaji kitako kizito na mikono imara kwa sababu mwiko unaisukuma kwa nguvu. Mboga na mchuzi vinatoshwa na lita 3. Uji na chai, lita 2 yenye mkono mmoja mrefu. Hapo sufuria zimekwisha, nne tu. Ile kubwa ya shughuli hukodishwa.

Dukani utatajiwa namba, au utaambiwa hii ni ya kati na hii kubwa, na ya kati ya mtengenezaji mmoja si ya kati ya mwingine. Nenda na futi ya mshonaji. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 22 na kina cha sentimita 13 ni karibu lita 5. Kipenyo 18 na kina 12 ni lita 3. Kipenyo 16 na kina 10 ni lita 2.

Baada ya ukubwa, pima unene, na hapa ndipo wengi wanapopotea kwa sababu ya mng'aro. Shika mdomo wa sufuria kwa viganja viwili, ubane. Ukipinda ukawa kama yai, irudishe. Alumini ya kila siku iwe na milimita 2 hadi 3 kitakoni. Kisha igeuze na uweke rula au ukingo wa kadi ngumu juu ya kitako: mwanga ukipita katikati, kitako kimebonyea, na ukingo ukicheza huku na huku, kimetuna. Sufuria nyembamba hupata moto pale tu miali inapogusa, ndiyo maana wali unaungua kwa duara huku katikati ukiwa mbichi. Ukiimwagia maji baridi ingali na moto, kitako kinatuna moja kwa moja. Juu ya gesi itayumba. Juu ya bamba la umeme itagusa nukta moja tu, bamba litapata moto kupita kiasi na chakula kitachelewa.

Angalia na mikono yake. Iliyofungwa kwa ribiti mbili au tatu kila upande hudumu kuliko iliyochomelewa kwa vidoa viwili vidogo. Itikise sufuria ikiwa tupu. Mkono unaolia dukani utang'oka siku ya ugali.

Kuna jambo la afya ambalo hatuwezi kulipita. Sufuria za kusubu, zile nene za rangi ya kijivu zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, zinapendwa kwa sababu ni imara na hazipindi. Lakini kinachoyeyushwa ni mchanganyiko wa makopo, nyaya na vipande vya injini, na hakuna anayejua kimo nini. Vipimo vilivyofanywa kwa sufuria za aina hii katika nchi kadhaa za Afrika, Cameroon ikiwemo, vimekuta madini ya risasi yanayotoka na kuingia kwenye chakula. Agosti 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo ilitoa tahadhari juu ya baadhi ya vyombo vya alumini na shaba nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Risasi haionekani kwa macho wala haina ladha, na inayemdhuru zaidi ni mtoto mdogo, kwenye ubongo unaokua. Kwa hiyo uji wa mtoto, maji ya kunywa na chochote kichachu visipikwe humo. Sufuria moja ndogo ya stenlesi kwa ajili ya mtoto ni matumizi mazuri kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii.

Hata alumini safi ya kiwandani haipatani na ukali wa nyanya nyingi, ukwaju, ndimu na siki. Kupika mchuzi na kuupakua si tatizo kubwa. Tatizo ni kuulaza humo usiku kucha: asubuhi utakuta vitobo vidogo kwenye kitako na ladha ya chuma kwenye mchuzi. Weusi unaojitokeza ndani baada ya kuchemshia maji, huo hauna madhara, na unatoka ukichemsha maji yenye vipande vya ndimu. Kusugua ndani kwa stilwaya na mchanga kila siku mpaka sufuria ing'ae kama kioo kunaondoa utando unaoilinda na kuipunguza unene. Tunajua ni fahari ya jiko letu, lakini ni fahari inayokula sufuria.

Sasa moto wenyewe. Kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, usipandishe sufuria yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 26, na ugali mkubwa usisongewe huko. Uzito ukiwa juu na mwiko ukisukuma kando, mtungi mzima unapinduka. Ugali unataka jiko la mezani lenye mpira na regulata, mtungi ukiwa umesimama sakafuni. Miali isivuke ukingo wa kitako. Inayopanda ubavuni inaunguza mikono ya sufuria na gesi yako inapotea. Sufuria ikishika masizi juu ya gesi, lawama si za sufuria. Miali ya njano ni dalili kwamba matundu ya jiko yameziba au hewa haitoshi: zima, lipoe, zibua kwa pini, kausha. Na ile desturi ya kupaka kitako majivu au udongo ili masizi yasishike iishie kwenye kuni na mkaa. Juu ya koili ya umeme, tope hilo linakatisha joto na kuunguza koili.

Wapishi wa Pwani wanalalamika kwamba gesi haitoi wali kama wa mkaa, na wana hoja, kwa sababu hakuna tena makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Dawa yake ipo. Maji yakikauka, weka bamba la chuma bapa chini ya sufuria, punguza moto hadi mwisho, weka karatasi safi ya kupikia au jani la mgomba juu ya wali, funika kwa mfuniko mzito na uache dakika 15 hadi 20. Chuma cha chapati kinafaa sana kuwa bamba hilo. Lakini mfuniko wa kioo usipaliwe makaa hata siku moja, kwa sababu unapasuka.

Ukienda kwenye jiko la indaksheni, chukua sumaku ya friji mfukoni. Jiko hili halitoi joto lake lenyewe, linapasha chuma kinachovutwa na sumaku. Sumaku ikikwama barabara kwenye kitako, chombo kinafaa. Ikiteleza, hakifai. Alumini ya kawaida haifai kabisa, na stenlesi si zote: baadhi haivuti sumaku mpaka iwe imewekewa tabaka la chuma kitakoni. Mweleze muuzaji kwamba utajaribu mbele yake, kwa sababu neno «stenlesi» kwenye boksi halitoshi.

Presha kuka tunaiweka juu kuliko blenda, oveni ndogo na vikorokoro vyote. Sababu yake inaonekana Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, na maharage yanakaa motoni nusu siku. Ndani ya presha joto hufika kati ya 115 na 120. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa dakika 20 hadi 30. Kwa familia, chagua ya lita 6. Usijaze maharage kupita nusu, kwa kuwa yanatoa povu na povu likiziba tundu la mvuke presha haina pa kutokea; kijiko kimoja cha mafuta kinapunguza povu hilo. Vyakula vingine visipite theluthi mbili. Usifungue mfuniko kwa nguvu; subiri kipini kidogo cha presha kilicho juu yake kishuke chenyewe.

Ikigoma kupanda presha, wengi wanasema imekufa. Kagua kwanza mpira wa mfuniko: pengine ulitolewa kuoshwa ukarudishwa nusu nje ya mfereji wake, au umekauka na kupasuka. Kwenye ile ya umeme, inua sufuria ya ndani utazame bamba la joto. Punje moja ya mchele iliyodondokea hapo inainyanyua sufuria, joto halipiti sawasawa, na mashine inajizima au inaunguza chini. Futa, kausha kitako, rudisha. Na kabla ya kununua, uliza kama duka lina mpira na sufuria ya ndani ya akiba. Kama havipo, tafuta nyingine.

Kikaangio kisichogandisha nunua kimoja tu, cha sentimita 24, kwa mayai na samaki laini. Utando wake huanza kuharibika ukipita nyuzijoto 260, na kikiwa kitupu juu ya gesi kali kinafika huko kwa dakika chache, kikitoa moshi usiofaa kuvutwa. Mwiko wa mti peke yake, stilwaya marufuku. Ukianza kubanduka, kitupe. Chapati, maandazi ya kumimina na nyama za kukaanga zina chuma chake, kizito, kisichopakwa kitu. Kikiwa kipya, kioshe kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, kikaushe juu ya moto, paka mafuta kidogo, kisha uyafute kana kwamba hutaki yabaki. Kipashe mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara 3 au 4. Kosa la kawaida ni kuacha mafuta mengi, yanakuwa gundi na chapati zinanata. Baada ya hapo kisilowekwe.

Visu viwili vinatosha: kimoja cha sentimita 20 na kidogo cha 10, bapa lake lipite mpaka mwisho wa mpini. Nunua na kinoo cha pande mbili, maana kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa kuwa kinateleza. Inua mgongo wa kisu kikubwa sentimita 1 hadi 1 na nusu kutoka kwenye jiwe, usibadilishe pembe hiyo, na umalize kwa upande laini. Kikikata ganda la nyanya bila kusukumwa, kiko tayari. Mbao za kukatia ziwe mbili, moja ya nyama mbichi na moja ya mboga, za mti mgumu kama mninga, bila vanishi.

Mbuzi, chujio la tui, upawa, mwiko, kinu kidogo: hivi vinajulikana, tusimchoshe msomaji. Angalia tu meno ya mbuzi yasiwe na kutu, na mwiko uwe wa kipande kimoja cha mti.

Ombi letu ni kwa wenye viwanda, waagizaji na Shirika la Viwango Tanzania. Kila sufuria ichapwe kitakoni mambo matatu: ujazo kwa lita, unene kwa milimita, na kama inafaa kwa indaksheni. Ichapwe kwenye chuma chenyewe, isiwe karatasi inayotoka kwenye mwosho wa kwanza. Na duka linalouza seti likubali kuuza kipande kimoja kimoja pamoja na mfuniko wake.

Walimu wa sayansi kimu,
Tanga