Kabla ya kuwaambia wadada wajichunge, tufunike kwanza kitabu cha wageni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji, ukiona ndefu kata tu ila tafadhali usikate sehemu ya kitabu. Mi ni mhudumu wa mapokezi kwenye gesti moja hapa Mbeya jirani na stendi, kazi za zamu, na zamu yangu mara nyingi ni ya usiku. Juzi juzi nimesoma barua ya ndugu mmoja anasema Mbeya ni salama kabisa kwa wanawake mradi saa mbili usiku wawe ndani, wavae kiheshima na wasitembee peke yao. Kaka yangu, kama umenizidi umri shikamoo, ila hiyo saa mbili unampangia nani?

Maana tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mambo ya stendi yamebadilika sana. Mi silalamiki, biashara imechangamka, ila hesabu mwenyewe, Dar mpaka hapa ni kama kilomita 830, basi likitoka kule saa nane mchana na mizani na foleni za malori za njiani, linamshusha mtu saa ngapi? Saa tisa usiku, saa kumi. Na huyo mtu mara nyingi hakuchagua, siti za asubuhi zimejaa, au kapigiwa simu ya msiba, au kesho yake anatakiwa kuripoti chuo. Kuna treni ya TAZARA nayo, ikichelewa imechelewa, inakushusha Iyunga muda wowote inaotaka yenyewe. Na sio Mbeya tu. Ukienda Iringa basi la masafa halihangaiki kupanda mjini, linakuacha kule chini Igumbilo au Ipogolo, mji uko juu mlimani unauona taa zake tu. Makambako ndo usiseme, unashushwa unasubiri gari ya Njombe au Songea, Juni hiyo, baridi linapenya mpaka kwenye mifupa na mdada wa watu katoka Dar na kijora.

Sasa mlango wa basi ukifunguka tu, wapiga debe. Mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono, wa tatu anaita "mrembo njoo kwangu nakubeba wewe na mzigo", na wote wanacheka. Akikataa anatukanwa, akinyamaza anaambiwa anaringa. Watu wanaona mambo ya kawaida ya stendi lakini hilo ni kosa la jinai, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu kinataja maneno na vitendo vya kumbughudhi mtu kingono, kifungo mpaka miaka mitano au faini isiyozidi laki mbili au vyote. Kipo tangu marekebisho ya 1998. Laki mbili zenyewe sa hivi hazitishi mtu tena lakini hata hizo mi sijaona mpiga debe wa stendi yetu akizilipa.

Haya, nije kwenye kitabu.

Kila aliyewahi kulala gesti anakijua, lile kaunta buku kubwa la mistari, jina, kabila, kazi, umetoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, namba ya simu, chumba. Ni lazima kiwepo, wakaguzi na polisi wakija ndo kitu cha kwanza wanachoomba na mi naona ni sawa, mtu akipata tatizo utamjuaje. Shida ni kwamba gesti nyingi kinalala pale kaunta kimefunguliwa na peni ya kamba pembeni, mtu yeyote anakuja "dada kuna vyumba?" anakigeuza anasoma.

Kuna mdada alitufikia asubuhi moja anatokea gesti nyingine, sitaitaja, alikuwa kaja kwenye usaili wa kazi. Usiku kaandikisha vizuri kalipa kaingia chumbani. Haikupita muda mrefu mlango unagongwa, mwanaume anamuita kwa majina yake yote matatu, anasema yeye fundi wa maji, kuna bomba linavuja ndani kwake. Akauliza fundi gani usiku huu, jamaa akabadilisha, "aa, mi nipo chumba cha pili hapo, nimeona umetoka Songea, mi mwenyewe mtu wa kwetu huko huko, fungua tupige stori". Sasa ameona wapi kama sio kwenye kitabu? Komeo la mlango lilikuwa limebaki na skrubu moja, ikabidi asogeze meza mlangoni, akaweka na begi juu yake, akakaa kitandani na simu mkononi mpaka kukapambazuka, usaili kaenda macho mekundu. Alipomwambia mhudumu wa pale akajibiwa "si ungemfungulia tu umsikilize shida yake". Mwanamke mwenzie anamjibu hivyo! Ndo maana mi nikisikia neno kujichunga nauliza huyu alitakiwa ajichunge nini zaidi, alikuwa ndani, kavaa, kajifungia.

Kwetu kitabu kinakaa kwenye droo. Kinatolewa mgeni anapoandika, na tumekata boksi la sabuni likawa kipande cha kufunikia mistari ya waliotangulia, wewe unaona mstari wako tu. Haijatugharimu hata mia. Halafu funguo, jamani zile funguo za kibao cha mbao kikubwa namba imeandikwa kwa rangi nyekundu! Mdada anatoka kununua chipsi ng'ambo ya barabara kakishika mkononi, wauza chipsi, bodaboda, wote waliokaa pale wameshajua mgeni yuko peke yake namba 7. Mi namwambia mgeni niachie hapa, ukirudi nakupa, na siiti namba kwa sauti. Wenye gesti wanaosoma hapa, skrubu za komeo nne zinauzwa duka la hadwea la mtaani kwenu.

Na hizi hela za simu. Bajaji hana chenji, anakwambia nitumie kwa simu dada, unatuma, kumbe umempa namba na jina lako kamili na anajua na gesti aliyokushusha. Kesho yake asubuhi "mambo, umeamkaje". Wengine wanaishia hapo, wengine wanapiga mpaka unablok. Nawashauri wageni watembee na noti ndogo ndogo, ila mnaona tena, ushauri unarudi kwa mwanamke tu. Dereva naye aambiwe na viongozi wake wa kijiwe kwamba namba ya abiria sio ya kutongozea.

Halafu mwanamke akija peke yake kuomba chumba usiku, anaangaliwa kuanzia juu mpaka chini, "uko na nani?" Mwanaume haulizwi hilo swali. Zipo gesti zinawafukuza kabisa eti hawapokei dada poa, mtu ana tiketi ya basi mkononi, anarudishwa nje kwenye giza kulekule mnakosema asitembee. Mi hapa ndo nachemka. Kama unaogopa sifa ya gesti yako, omba kitambulisho kama unavyoomba kwa wengine, basi.

Ndugu yule wa barua labda atasema sawa, hao ni wageni, wenyeji je? Wenyeji wenyewe ndo hao wamama wa ndizi na viazi, saa kumi alfajiri wameshaamka wanawahi mzigo, gari za Tukuyu zinaingia Uyole hata jogoo hajawika, wengine wanakwenda Mwanjelwa wengine Sokomatola. Ukimwambia mama wa hivyo asitoke gizani unamwambia watoto wasile. Wao wamejipanga wenyewe, wanatoka kwa makundi, wana bajaji wao mmoja wanayemjua mpaka kwa mama yake, asipokuja anapigiwa simu, anawafuata mlango kwa mlango. Hawana mapanga wala nini, wana dereva ambaye akikosea anajulikana kwao ni wapi.

Tena huko ndani tunakowapeleka wawe salama nako tuseme ukweli, ule utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na kwa walioolewa mkosaji anayetajwa sana ni mume au mwenza. Kwa hiyo saa mbili uwe ndani sio jibu kwa kila mtu.

Ninachoomba kwa viongozi wa bajaji na wa stendi ni kumpa mgeni kile ambacho mama wa ndizi anacho. Dereva wa usiku avae kizibao chenye namba kubwa mgongoni inayosomeka hata na mtu mwenye usingizi, na mlinzi wa geti awe na daftari, bajaji namba fulani imetoka saa fulani na abiria wa kike mmoja. Hilo daftari ndo lijae bwana, sio la kwangu la kabila na kazi. Abiria apewe na mahali pa kukaa penye taa na mlango mpaka kuche, na wapiga debe wasivuke mlango huo. Na ukutani iandikwe kwa rangi, 112 ni polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani, maana madawati yapo lakini mgeni aliyeshuka sasa hivi atajuaje kituo kiko upande upi.

La mwisho ni vyoo vya stendi zetu hizi, nyingi tu sio moja. Mchana unalipa, usiku unalipa vilevile, ila usiku unaingia na tochi ya simu meno yameshika mkoba, mlango haufungi kwa ndani, na anayepokea hela mlangoni ni kijana aliyelewa chakari. Wadada wanajizuia tangu Mafinga mpaka wafike kwangu, wakifika hata kujiandikisha hawataki, wanauliza kwanza choo kiko wapi. Kwa kweli balbu mbili na komeo na mama mmoja wa kupokea hela zamu ya usiku halmashauri haiwezi kukosa, ushuru wa stendi si tunalipa kila siku.

Asante Mhariri.

Mhudumu wa gesti,
Mbeya