Salamu za Krismasi kutoka mlimani: mwenye gesti hayumo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wangu, mliofika nyumbani na mlio bado njiani.

Nawaandikia asubuhi, kikombe cha kahawa kiko pembeni na migomba nje ya dirisha imelowa. Mvua za vuli zinaelekea ukingoni. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejitokeza dakika chache, ikajifunika tena. Huku Machame huhitaji kalenda kujua kwamba Krismasi imefika. Usiku unasikia magari yanayopanda, yale yasiyoizoea barabara yetu, yakinguruma kwa gia ya kwanza kwenye kona. Mchana unaona majirani wanapaka chokaa ukuta wa mbele tu, ule unaoonekana na wageni. Bei ya mbuzi imepanda hadi mzee mmoja wa kanisa amesema mwaka huu ndafu yake, yule mbuzi mzima wa kuchoma, itakuwa jogoo. Na watoto waliotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwenye basi, wanawauliza bibi zao kwa nini maji ya kuoga ni ya baridi namna hii.

Karibuni sana. Karibuni nyumbani.

Kabla ya kuwatakia heri nina jambo la kuungama. Kwa miaka 19 ya uchungaji wangu, kila tarehe 24 Disemba, nimemsingizia mtu hadharani, tena madhabahuni. Mtu huyo ni mwenye gesti wa Bethlehemu.

Mnamfahamu, kwa sababu mmenisikia. Nimemwita mchoyo. Nimesema alitazama viatu vya Yusufu vyenye vumbi akajua hapa hakuna hela. Mwaka mmoja nilimpa hata kitambi. Katika igizo la watoto wa shule ya Jumapili tumezoea kumvika kofia na kumpa rundo la funguo, naye ana mstari mmoja tu, "Hakuna nafasi!", kisha anabamiza mlango wa maboksi. Mtoto aliyepewa sehemu hiyo miaka miwili iliyopita wenzake walimbandika jina la Gesti, likamfuata hadi shuleni. Mama yake alikuja kunilalamikia. Nikamwambia litapita. Mpaka leo halijapita.

Sasa sikieni kilichonipata Jumatano moja ya Majilio. Jumuiya yetu inakutana saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba, na siku hiyo tulikuwa kwa bibi mmoja aliyekwisha kuvuka miaka 80. Tulikuwa tunasoma Luka sura ya 2. Kijana mmoja aliyewahi likizo akauliza: "Mchungaji, huyu Yusufu alishindwa kubuku mapema? Alijua kuna sensa, alijua mchumba wake ana mimba." Watu wakacheka. Fundi ujenzi aliyekaa mlangoni akasema labda gesti za Bethlehemu nazo zilipandisha bei kama mabasi ya Disemba. Mimi nikakohoa, nikajiandaa kutoa ile hotuba yangu ya kila mwaka.

Bibi akaniwahi. "Mchungaji, hebu kwanza. Hiyo hori ilikuwa wapi?"

"Zizini, bibi."

"Imeandikwa zizini?"

Nikainamia Biblia. Nikasoma kimyakimya, nikarudia. Luka anasema Mariamu "akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Basi. Zizi halimo, tumelijenga sisi. Na mwenye gesti, pamoja na kofia yake na funguo zake, hayumo hata kwa nukta.

Bibi akaendelea taratibu, kama anayemweleza mtoto njia ya kwenda mtoni. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya msonge. Ng'ombe walikuwa wanalala ndani, upande ule. Sisi upande huu. Moto katikati. Usiku ukishtuka unamsikia anacheua. Sasa ukiniambia mtoto amelazwa penye majani ya ng'ombe, mimi naelewa yuko ndani. Yuko na watu."

Hakuna aliyesema kitu. Ninyi mliokulia huku mnajua hajatunga. Wazee wetu waliishi na mifugo yao ndani ya msonge, kwa kuogopa chui na wezi, na kwa sababu ya baridi. Nimepita nyumba nyingi kuwatembelea wagonjwa, nimesikia habari hizo mara mia. Sikuwahi kuziweka karibu na Luka 2.

Usiku ule nilitoa Agano Jipya langu la Kigiriki. Kigiriki nilichofundishwa kwenye chuo cha wachungaji Makumira kiko kama suti ya harusi: kipo kabatini, kinabana, hakivaliwi. Lakini hata mimi niliweza kuliona. Neno ambalo Biblia yetu ya mwaka 1952 inalitafsiri "nyumba ya wageni" ni *kataluma*. Luka analitumia tena kwenye sura ya 22, Yesu anapowatuma wanafunzi wakamuulize mwenye nyumba, "Ki wapi chumba cha wageni?" Ni chumba ndani ya nyumba ya mtu. Na pale ambapo Luka anataka kweli kusema nyumba ya kulipia, kwenye habari za Msamaria mwema wa sura ya 10, ana neno lingine kabisa, na hapo kuna mwenye nyumba anayepokea dinari mbili mkononi. Alilijua neno la gesti. Kwa habari ya Mariamu hakulitumia.

Watafsiri siwalaumu. Nyumba ya wageni inaweza kuwa chumba cha uani kwa mjomba. Ni masikio yetu ya leo ndiyo yanayosikia kibao cha taa na bei ya kulala.

Nikaendelea kuchimba, usingizi ukaniruka. Nyumba za watu wa kawaida katika nchi ile mara nyingi zilikuwa chumba kimoja kikubwa. Familia ililala sehemu iliyoinuka, na mifugo iliingizwa usiku sehemu ya chini, hori ikiwa pale mpakani. Mwanamke wa Endori katika 1 Samweli 28 alikuwa na ndama aliyenona humohumo nyumbani mwake. Mamajusi wa Mathayo nao "wakaingia nyumbani". Tena Luka anasema siku za Mariamu za kuzaa zilitimia "katika kukaa huko". Walikuwa wamekaa. Ule usiku wa kubisha hodi mlango kwa mlango huku uchungu umeanza, nilioueleza mpaka akina mama wakatoa leso, niliutoa kichwani mwangu.

Kwa hiyo picha imegeuka. Augusto ameagiza watu waandikwe, kila mtu mjini kwao. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilikuwa na huruma zaidi, kwa kuwa karani alikuhesabu pale ulipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, hata kama ni Mbagala. Yusufu yeye ilibidi apande hadi kwa ukoo wake, mbari ya Daudi. Na ukoo wote umepanda. Chumba cha wageni kimeshikwa, labda na mjomba mwenye miguu inayouma. Sebule imejaa. Basi mtoto anazaliwa pale pale walipo watu na ng'ombe, na mtu mmoja mwenye akili anasema, mlazeni kwenye hori, kuna majani makavu.

Hiyo ni Krismasi ya Machame! Nani asiyeijua? Bibi amewaachia wakwe kitanda, yeye yuko jikoni na kirago. Wajukuu 11 wamepangwa sakafuni kama dagaa kwenye turubai. Mtu akitaka kwenda msalani usiku anakanyaga mkono wa mtu. Asubuhi kuna foleni ya beseni moja, na mtori unachemka kwenye sufuria iliyoazimwa kanisani.

Jumatano iliyofuata nilisimulia yote hayo kwenye jumuiya. Tangu hapo wana mchezo mpya, na kosa ni langu. Mtu akileta habari, wanamuuliza, "Imeandikwa?" Mhazini aliposoma mapato ya mnada wa sadaka za ndizi na mayai, sauti ikatoka nyuma, "Imeandikwa?" Tulicheka sana. Lakini siku moja swali lile lilianguka vibaya.

Tulikuwa tunapanga nani atembelewe kabla ya sikukuu. Likatajwa boma moja, mama yuko peke yake, mwanawe hajapanda mlimani Krismasi ya sita sasa. Maneno yakaanza. Amekuwa mkubwa. Ametusahau. Mke wake hataki harufu ya ng'ombe. Mwingine akaongeza kwamba alionekana Moshi mjini, amelala hotelini, akarudi Dar bila kumsalimia mama.

Bibi akasema, "Imeandikwa?"

Safari hii hakucheka mtu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amempigia simu. Nikajipa kazi hiyo mimi, jioni ileile. Sitasema mengi, kwa kuwa ni ya kwake. Duka lake lilikufa miaka sita iliyopita, na madeni yakabaki. Hotelini hajawahi kulala. Aliniambia, "Mchungaji, huko mtu anapandaje mikono mitupu? Watu wanahesabu gari lako umepaki wapi." Nikakosa jibu, maana ni kweli. Tunahesabu. Hata mimi, sadaka ya shukrani ikisomwa kwa majina tarehe 25, nimewahi kunyoosha shingo kuona aliyetoa kubwa ni nani.

Tumemfanyia yule kijana kilekile nilichomfanyia mtu wa Bethlehemu. Palikuwa na nafasi tupu kwenye habari, tukaijaza na mtu mbaya.

Nimemfikiria Yusufu tangu siku ile. Naye hakurudi kwao akiwa amefanikiwa. Fundi, amefuatana na mchumba mwenye mimba ambayo ingehitaji maelezo marefu kwenye ukoo wowote, wa Kiyahudi au wa Kichagga. Sijui waliulizwa nini mlangoni. Luka hasemi, nami nimeapa kutomsaidia kutunga. Ninachokiona ni kwamba walikuwa ndani.

Basi salamu zangu za mwaka huu ziende kwanza kwa ambao hawakupanda. Wewe uliye Mbagala, Kimara, Mwanza, Nairobi, uliyewaambia watu kazi imekubana. Pengine kweli imekubana. Krismasi njema. Kama ni nauli, nipigie. Usharika una mfuko mdogo wa diakonia, wa kusaidia wenye shida, na majina hayatangazwi. Kama ni kugombana kuhusu kihamba, shamba la ukoo, najua boma mbili ambamo ndugu hawajasalimiana tangu msiba wa baba. Wazee wetu walikuwa na jani la sale. Ukimpelekea mtu sale kuomba msamaha ilikuwa vigumu mno kwake kukukatalia. Sale bado linaota, liko mpakani hapo mnapogombania.

Salamu ziende kwa wauguzi wa zamu ya usiku wa tarehe 24, walinzi, madereva wa mabasi ambao Krismasi yao wataila Korogwe wakiwa wamesimama. Kwa wapagazi na waongozaji watalii ambao asubuhi ya sikukuu watakuwa kambini huko juu na watu wasiojua hata kusema "Heri". Kwa waliozika mwaka huu, ambao kwenye kupanga nani atalala wapi wamekuta kitanda kimoja kimezidi.

Na kwenu mliofika: mpange nani alale wapi bila kununa. Mwachieni bibi kitanda chake, hata akikataa mara tatu. Akikataa ya nne, mwacheni, ana sababu zake. Mkeshani tunaanza saa mbili usiku, na asubuhi ya Krismasi ibada ni saa tatu, ikifuatiwa na mnada. Msikimbie mnada. Mwaka jana mtu wa mjini alinunua mkungu wa ndizi kwa bei ya mbuzi, akaurudisha uuzwe tena, akaununua tena. Tunamsubiri.

Yule kijana wa Krismasi ya sita amenitumia ujumbe jana usiku. Kakata tiketi. Ameniomba nisimwambie mama, kwa hiyo ninyi msomao mkikutana na mama huyo sokoni, funikeni midomo. Sijui atalala wapi, maana nyumba ile ina chumba kimoja kinachovuja. Bibi amesema kwake kuna nafasi upande wa ng'ombe, kisha akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Katika igizo la watoto mwenye gesti tumemfuta. Mtoto wetu aliyeitwa Gesti nimempa kazi nyingine: atabeba mzigo wa majani ya ng'ombe, ataingia nao katikati ya watu wote, atauweka kwenye hori na kuutandika vizuri. Hana mstari wa kusema. Ameniuliza kama anaweza kutumia majani ya kweli. Nimemwambia aje na ya kutosha.

Krismasi njema, wapendwa.

Mchungaji wenu.