Mwanangu, mwambie hivyo hivyo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo, mvua inanyesha vizuri na senene wameanza kuanguka. Ujumbe wako wa Jumanne usiku niliupata, nikausoma mara tatu. Jibu lake sikutaka kulibonyeza kwenye simu, ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu.

Unasema kwenye kikundi chenu cha maombi hapo chuoni ulipewa zamu, ukasimama, ukasema maneno mawili matatu, ukakwama. Dada aliyekufuata akashika maiki akaomba karibu nusu saa, akivunja na kubomoa na kuteketeza, watu wakiitikia amina kwa nguvu. Tangu siku hiyo unajiona huna maombi. Ukaniuliza, "Mama, utanifundisha kuomba kama wao?"

Hilo sitakufundisha, mwanangu. Siwadharau wenzako. Huyo dada simjui, na huenda moyo wake uko karibu na Mungu kuliko wangu. Ila yale uliyoyasema umeniandikia: "Bwana, nimechoka na nina hofu na mwaka huu. Nisaidie nisikuache." Ulitaka uongeze nini hapo?

Bibi yako, mama yangu, hukumkuta. Alikuwa mtu wa Uamsho, ule wa Wakristo wa Afrika Mashariki, ambao wenyewe huhesabu mwanzo wake mwaka 1929, Simeon Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye moto ule ukaingia na huku kwetu Buhaya. Watu wale walikuwa na neno lao, kutembea nuruni: ukimkosea mtu unamwendea, unamtajia kosa lenyewe. Nikiwa na miaka kama minane nilimfuata mama akivuka migomba kwenda kwa jirani. Akasimama uani, akasema, "Nimekusengenya kwa habari ya yule mbuzi. Nisamehe." Basi. Tukarudi nyumbani.

Na sauti aliyomwambia nayo jirani ndiyo aliyoombea. Usiku wa senene tulikaa chini kuzunguka sinia, tunanyonyoa mabawa, taa ya chemli katikati. Vidole vyake havikusimama. Katikati ya kazi utasikia, "Mukama," yaani Bwana kwa Kihaya, "asante kwa hawa. Mtoto wa dada yangu anaharisha, mwangalie." Kisha, "Haya, leteni sinia jingine." Sisi watoto hatukujua alipoanzia kuomba wala alipomalizia.

Mimi nikakua nikajifunza kuomba vizuri. Kwenye umoja wa akina mama waliniita mwombaji, na jina hilo nililipenda. Halafu baba yako akalazwa. Jumuiya ikaja nyumbani Alhamisi, nikaombwa nifunge kwa maombi. Nikamshukuru Mungu kwa yote, nikakiri kwamba mapenzi yake ni mema, sauti ikapanda na kushuka mahali pake, mama mmoja akalia machozi. Na muda wote huo nilikuwa nimemkasirikia Mungu hata koo limekauka, wala sikumgusia. Yale maneno niliyapanga kwa ajili ya masikio ya wageni wangu.

Usiku uleule nilikuwa kwenye benchi la barazani hospitalini, kanga imelowa mvua. Nikasema, "Baba, naogopa. Na nimekukasirikia." Nikanyamaza, sikuwa na zaidi. Baba yako hakupona, unajua. Nakuambia wazi usije ukadhani kwamba ukiomba kwa moyo wa kweli lazima upewe ulichoomba. Lakini kwenye lile benchi sikuwa tena peke yangu, na sebuleni kwangu, watu wamejaa, nilikuwa peke yangu.

Fungua Mathayo 6. Bwana anasema, "msipayuke-payuke", na sababu anaitoa hapo hapo: Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Usisome hapo kwamba alikataza kuomba muda mrefu. Yeye mwenyewe, Luka 6, alikesha mlimani usiku kucha, na Gethsemane aliomba mara tatu kwa maneno yale yale. Anachokataa ni mtu kudhani kwamba Mungu hushindwa na wingi wa maneno, na kusimama pale ili aonekane. Petro alipoanza kuzama alisema maneno mawili tu, "Bwana, niokoe," na mkono ukanyoshwa. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa alichanganya imani na mashaka katika pumzi moja: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakusubiri mashaka yaishe ndipo aseme. Na Hana je, yule aliyemlilia Mungu ampe mtoto? Midomo ilikuwa inatikisika tu, sauti haitoki, kuhani Eli akamdhania mlevi. Kuhani mzima, hekaluni, akashindwa kutambua maombi yaliyokuwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo waliokutazama wewe siku ile wasikutie hofu.

Jambo jingine. Wenzako wanasema sala ya kukariri si maombi. Hapo siwaungi mkono hata kidogo. Tulipomzika baba yako nilikaa majuma mengi sina neno langu hata moja, nikawa nasema Baba Yetu, basi. Nikifika "utupe leo riziki yetu" nasimama, kwa sababu ada yako ilikuwa haijapatikana na unga ulikuwa wa siku mbili. Maneno niliyakuta, lakini njaa ilikuwa yangu. Siku nyingine sikuvuka hapo, nalala.

Zamu yako ikifika tena, sema kilichopo moyoni, kisha kaa. Wakinyamaza, waache wanyamaze. Ukisikia kuomba nusu saa kwa sababu umejaa, omba nusu saa, hakuna atakayekuzuia.

Ila kuna kitu kimoja. Umeandika kwamba una hofu na mwaka huu, na hukusema ni hofu ya nini. Nimeusoma ule ujumbe mara tatu nikikitafuta. Mwambie Mungu kwanza, ukitaje kwa jina lake, usikizungukie. Ukishamwambia yeye, na ukiona unaweza, nipigie. Mchana au usiku, simu iko karibu na mto wangu.

Ijumaa nitampa kondakta kopo la senene. Nimewakaanga bila kitunguu, kama unavyopenda.

Mama yako