Macho ya mzee, kabla ya miwani

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu, hasa kwa mzee. Rehema ameniambia baba anaona ukungu na Jumamosi mnampeleka kupima miwani. Tafadhali, miwani isubiri. Sudi atasema nina haraka, na kweli ninayo.

Mailoma, saratani ya damu aliyo nayo mzee, iko kwenye uboho, lakini chembe zake humwaga protini kwenye damu. Protini ikizidi mno, damu huwa nzito kama uji na kupita kwa shida kwenye mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu, hutanuka, hujipinda, hubanwa vipande vipande, kisha damu huvuja nyuma ya jicho. Kwa nje jicho ni safi kabisa, ndiyo maana watu hukimbilia miwani. Mnato, yaani uzito, wa kawaida wa majimaji ya damu (plasma) ni kama mara 1.4 hadi 1.8 ya maji, dalili kwa kawaida huanza ukipita 4. Kwa hiyo ukungu ukiandamana na kutokwa damu puani au kwenye fizi, kichwa kuuma, kizunguzungu au kusinzia ovyo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Huko huichuja plasma kwa mashine, na dawa za mailoma zinaendelea.

Na hili liandike: wakitaka kumwongezea damu, uliza kwanza kama mnato umeangaliwa. Damu nzito ikiongezwa chembe nyekundu huzidi uzito.

Lakini si kila ukungu ni huo. Deksamethazoni, ile dawa ya steroidi ya mailoma, huweza kuleta mtoto wa jicho anayeanzia nyuma ya lenzi. Mgonjwa hulalamika taa za magari usiku. Dawa hiyo huweza pia kupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote. Tena hupandisha sukari, na sukari ikicheza, lenzi nayo hubadilika: miwani iliyopimwa wiki hii haimfai wiki ijayo. Hela zimepotea, na chanzo hakijaguswa.

Ile dripu ya mifupa, asidi ya zoledroniki, nayo inaweza kuchochea uvimbe ndani ya jicho, mara nyingi siku chache baada ya kuchomwa: jekundu, linauma, haliwezi mwanga. Msimtilie dawa ya macho mekundu ya dukani. Akiona viwili viwili, au jicho likisukumwa mbele, wafikirie uvimbe wa mailoma nyuma ya jicho au chini ya fuvu. Malengelenge ya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso nayo hayangoji kesho.

Basi mpeleke kwa daktari wa macho, si duka la miwani. Apimwe uwezo wa kuona kila jicho peke yake, presha, kisha atiwe matone ya kupanua mboni na retina itazamwe, macho yote mawili. Matone huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na mwanga utamsumbua saa kadhaa, basi mchukulie kofia na asiendeshe. Beba majibu ya damu na orodha ya dawa zenye tarehe.

Sasa nijibu: ukungu ni jicho moja au yote? Ulianza ghafla? Dripu ya mwisho ilikuwa lini? Protini na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinasomaje? Pua imetoka damu? Na Mama Salha bado anamchemshia yale majani? Nipigie leo, hata usiku.

Wako,
Zainabu