Risala ya Klabu ya Sayansi ya Anga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni wanaklabu wa sayansi ya anga, lakini mwaka huu tumesoma habari za maji yanayochemka kuliko habari za nyota, na wenzetu wametucheka sana. Tunaomba tujitetee mbele yako.

Mheshimiwa, mwaka 1966, katika chemchemi za maji moto za Yellowstone nchini Marekani, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria anayestawi kwenye nyuzi joto 70 za Selsiasi. Wengi hawakutegemea kitu hai kwenye joto hilo. Leo anajulikana kiumbe wa sakafu ya bahari anayezaliana hata kwenye nyuzi 122! Uhai ulipoonekana humo, sehemu za kuutafuta angani nazo zikaongezeka.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha Spirit, kigari kilichotumwa Mirihi. Gurudumu lake moja la mbele liligoma kuzunguka, likawa linaburutwa tu. Mwaka 2007 likakwangua udongo na kufichua kitu cheupe: silika, madini ambayo chemchemi za moto huyaacha zinapotiririka. Baadaye watafiti walikwenda El Tatio, milimani Chile, wakakuta silika yenye vijitokezo kama vidole, inayofanana mno na ya Mirihi. Hiyo ya Chile vijiumbe vimeshiriki kuijenga. Na ya Mirihi je? Katibu wetu anasisitiza kuwa umbo peke yake si ushahidi, kwani hata upepo na maji huchonga. Ni mbishi, ila hatujaweza kumshinda.

Kisha kuna Enceladus, mwezi wa Zohali unaorusha mvuke angani kupitia nyufa za barafu yake. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya mvuke huo, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba una haidrojeni. Hapa duniani wapo vijiumbe wa baharini wanaoishi gizani kwa kuunganisha haidrojeni na kaboni dioksidi, wakatoa methani. Kule chakula kipo, mlaji hajaonekana.

Mheshimiwa, darubini tunayo. Tunachokosa ni hadubini, maana tunaowatafuta hawaonekani kwa macho. Ombi letu ni hilo moja.

Tunaomba kuwasilisha.