Dada, fedha za India zibaki hapa nyumbani

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu mvutano uliotokea kwetu nausikia kwa marafiki wengi: mzee amepoteza kumbukumbu, watoto wanataka kuchanga apelekwe India akapigwe picha maalumu ya ubongo, ijulikane kama kweli ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Wewe unayelala na Mama chumba kimoja ndiye umeulizwa wa mwisho. Mimi nasema tusiende. Kaka ataniita bahili, lakini wewe nisikilize kwanza.

Vipimo vya lazima Mama ameshafanyiwa. Daktari alipima damu kuangalia tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, kwa sababu hivyo vyote vinaweza kuvuruga akili ya mzee na vina tiba. Akampiga picha ya kichwa kutafuta damu iliyovuja au uvimbe. Hakukutwa na kitu. Picha anayoitaka Kaka ni ya aina nyingine: mgonjwa anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, nayo inakwenda kunasa kwenye protini iitwayo amiloidi kama imerundikana ubongoni. Ndiyo marundo aliyoyaona Dakta Alois Alzheimer kwa darubini mwaka 1906, kwenye ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa wake wa Frankfurt aliyefariki akiwa na miaka 55. Aliona na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe hai zenyewe za ubongo. Leo tunajua ni protini nyingine, tau.

Sasa Kaka anaamini picha ikionyesha marundo, tutakuwa tumepata jibu. Mambo hayako hivyo, na waliotufundisha ni masista.

Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame huko Marekani. Walifika 678, wote wenye miaka 75 na kuendelea. Walikubali kupimwa kumbukumbu mara kwa mara, na wakifa ubongo wao uchunguzwe. Utafiti ulikuwa na bahati ya pekee: wanawake hawa walikuwa wamekula chakula kilekile, hawavuti sigara, hawakuzaa, wameishi nyumba zinazofanana. Aliyewashangaza zaidi ni yule anayejulikana kama Sista Mary. Alifundisha mpaka miaka 84, akafa na miaka 101 akiwa bado anajibu vizuri majaribio ya akili. Walipofungua ubongo wake wakakuta amiloidi na nyuzi za tau tele. Ugonjwa ulikuwemo, mgonjwa hayupo.

Kwa nini yeye alinusurika na wenzake wakapotewa na akili? Sababu hazijaisha kuchimbwa, lakini moja inatugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 1997 kundi la Snowdon liliangalia masista 61 ambao ubongo wao, kwa vigezo vya maabara, ulikuwa na Alzheimer. Kati ya wale ambao hawakuwa na alama zozote za kiharusi, asilimia 57 ndio waliokuwa wamepata dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, walipokuwa hai. Wale waliokutwa na vidonda vidogo vya kiharusi ndani kabisa ya ubongo, vile ambavyo mtu anaweza kuvipata asijue, walifika asilimia 93.

Na Mama ana presha, Dada. Ana presha ya miaka mingi, na vidonge anavimeza akijisikia kuumwa, akijisikia vizuri anaviacha. Hilo linaniogopesha kuliko amiloidi. Sisemi vidonge vitarudisha alichokipoteza, havitarudisha. Lakini kila kiharusi kidogo tutakachokizuia ni mzigo ambao ubongo wake hautaongezewa. Mpe mwenyewe asubuhi na chai, umwone akimeza.

Kaka ametaja pia dawa mpya. Ipo kweli: lecanemab, Marekani waliipitisha rasmi Julai 2023. Inaondoa amiloidi, na katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kuporomoka kwa asilimia 27. Inaonekana kubwa mpaka usome vipimo: kwenye mizani ya alama 18, tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa ilikuwa chini ya nusu alama. Katika majaribio hayo iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, na lazima ubongo upigwe picha tena na tena kwa sababu unaweza kuvimba au kuvuja damu. Tena ni ya walio mwanzoni kabisa. Mama anamuulizia Baba, na Baba tulimzika zamani. Huko mwanzoni ameshapita.

Halafu kuna lile neno la shemeji, kwamba Mama anajifanya, maana anakumbuka wote aliocheza nao utotoni kisiwani Ukerewe lakini anakana kwamba amekunywa chai. Mwambie mwaka 1991 Heiko na Eva Braak, mtu na mkewe, walichora njia ambayo zile nyuzi za tau hupita. Zinaanzia pembeni mwa hipokampasi, sehemu inayopokea jambo jipya na kulihifadhi. Mambo ya Ukerewe yalishatulia sehemu nyingine za ubongo miaka sitini iliyopita, kabla ugonjwa haujaanza. Chai ya leo haikupata pa kuhifadhiwa. Kwa hiyo msimbishie. Akisema hajanywa, mwongezee nusu kikombe.

Masikio yake nayo yapimwe, hapo hapo mjini. Nadhani nusu ya yale majibu yake ya ajabu ni kwamba hakusikia swali.

Mchango wangu wa India nimeutuma kwako kwa simu leo. Tafuta binti wa kukusaidia, hasa usiku, maana najua hulali. Kaka akiuliza, mwambie anipigie mimi.

Mdogo wako