Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kusoma Sheria na Usimamizi wa Mazingira kwa Pamoja

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Nimelipata swali lako kuhusu kusoma sheria na usimamizi wa mazingira kwa wakati mmoja chuoni, na kwa kuwa wenzako kadhaa wamekwisha kuniuliza jambo hilohilo, nimeona nikujibu hadharani. Najua umeshaambiwa kwamba mshika mawili moja humponyoka. Ningekubaliana na wanaokuambia hivyo kama masomo haya yangekuwa mbalimbali kabisa, lakini sivyo yalivyo, kwa kuwa yanakutana kwenye suala la uthibitisho: nani alifanya nini, kitu alichokimwaga kilikwenda wapi, kilimdhuru nani, na tunajuaje. Mwanafunzi asiyepatambua mahali hapo humaliza chuo akiwa na vyeti viwili visivyosalimiana.

Nianze na kesi moja ambayo ningependa uisome kabla hujajaza fomu yoyote, nayo ni ile ya kampuni ya maji ya Cambridge dhidi ya kiwanda cha ngozi cha Eastern Counties Leather, iliyoamuliwa Desemba 1993 na Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Kiwanda hicho, kilichokuwa katika kijiji cha Sawston, kilitumia kiyeyusho cha kemikali kuondoa mafuta kwenye ngozi. Hadi mwaka 1976 kiyeyusho kililetwa kwa mapipa, na wafanyakazi walipokuwa wakiyahamisha na kuyamimina, kidogo kidogo kilimwagika kwenye sakafu ya saruji. Hakuna aliyejali, kwa sababu kiyeyusho hicho hukauka upesi hewani na kila mtu aliamini kuwa kimekwisha. Kumbe sehemu yake ilikuwa inapenya sakafu, inashuka ndani ya mwamba wa chokaa, inafika kwenye tabaka lisilopitisha maji, kisha inasafiri polepole pamoja na maji ya ardhini, kwa makadirio ya mita 8 kwa siku, hadi kwenye kisima cha kampuni ya maji kilichokuwa umbali wa takriban kilomita 2.

Sasa tazama jinsi masomo yako mawili yanavyogawana hadithi hii. Njia ile ya kiyeyusho chini ya ardhi haikuonwa na mtu yeyote kwa macho. Ilijengwa upya na wataalamu wa maji ya ardhini waliopima visima, wakachora mwelekeo wa mkondo, na kukisia muda wa safari. Bila wao kusingekuwa na kesi. Lakini hata walipokwisha kuthibitisha kwamba kemikali ya kisimani ilitoka kiwandani, kampuni ya maji ilishindwa, kwa kuwa Malodi waliona kwamba wakati wa kumwagika kwake hakuna mtu mwenye akili timamu pale kiwandani ambaye angeweza kutabiri madhara ya aina hiyo, na kwamba mtu hawajibiki kwa dhara lisilotabirika. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekwisha kuipa kampuni fidia ya zaidi ya pauni milioni moja, nayo ikatenguliwa. Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona: kampuni ilipoanza kusukuma maji ya kisima hicho mwaka 1979, maji yale yalihesabiwa kuwa salama. Kilichoyafanya yasifae kuuzwa ni viwango vipya vilivyofuata agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1980 kuhusu maji ya kunywa, na upimaji wa mwaka 1983 ndio uliofichua kwamba yamevizidi. Uchafuzi, kwa maana ya kisheria, ulizaliwa baada ya kemikali yenyewe kuwa imo majini kwa miaka. Mwanasheria asiyejua maji ya ardhini ataisoma kesi hii kama mabishano kuhusu dhima tu, na mtaalamu wa mazingira asiyejua sheria atabaki akishangaa kwa nini ukweli uliothibitishwa vizuri namna ile haukumsaidia aliyeuleta.

Tofauti nyingine utakayoishi nayo kila siku ni kipimo cha uhakika. Katika fani nyingi za sayansi utafundishwa kutoyakubali matokeo iwapo bahati tupu ingeweza kuyazaa zaidi ya mara 5 katika 100. Mahakama inayosikiliza shauri la madai haidai kiasi hicho. Huuliza tu kama yaelekea zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea. Mtaalamu mwaminifu akisimama kizimbani na kusema kwamba hawezi kuthibitisha kuwa moshi wa kiwanda ndio uliosababisha ugonjwa, anasema kweli kwa kipimo chake, lakini hakimu anaweza kusikia kwamba ushahidi haupo. Wakili aliyesoma pande zote mbili atajua kumuuliza swali la pili: je, kwa maoni yako, yaelekea zaidi kuwa ndivyo, au sivyo? Nimeona mashauri yakigeuka kwa swali hilo. Pia ndipo utakapoelewa kwa nini Kanuni ya 15 ya Azimio la Rio la mwaka 1992, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, iliandikwa ilivyoandikwa, kwamba panapo tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, ukosefu wa uhakika kamili wa kisayansi usifanywe kisingizio cha kuahirisha hatua za kuzuia uharibifu. Wanaoiita kanuni hiyo adui wa sayansi hawajaisoma kwa makini. Inahusu nani abebe mzigo wakati sayansi bado inafanya kazi yake.

Usidhani kwamba tatizo hili ni la mahakama ndogo. Katika shauri la viwanda vya karatasi kwenye Mto Uruguay, kati ya Argentina na Uruguay, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipewa marundo ya takwimu za kitaalamu zilizopingana. Baadhi ya wataalamu walizungumza wakiwa miongoni mwa mawakili wa pande zao badala ya kuwa mashahidi, hivyo haikuwezekana kuwahoji kama mashahidi wanavyohojiwa. Katika hukumu yake ya mwaka 2010 Mahakama ilikosoa utaratibu huo, na majaji wawili, Al-Khasawneh na Simma, wakaandika maoni ya kupinga wakisema kwamba Mahakama yenyewe ilikosea kwa kutoteua wataalamu wake. Hukumu hiyohiyo ndiyo iliyotamka kwamba tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kuchunguza madhara ya mradi kabla haujaanza, sasa ni wajibu chini ya sheria ya jumla ya kimataifa pale mradi unapoweza kuleta madhara makubwa ng'ambo ya mpaka, ila haikueleza tathmini hiyo iwe na nini ndani yake. Hilo iliwaachia nchi husika. Pengo hilo ndilo utakalokuwa ukilifanyia kazi.

Tathmini ya namna hiyo ilipata mwanzo wake katika sheria ya sera ya mazingira ya Marekani ya mwaka 1969, na tangu hapo imeenea karibu dunia nzima. Utakaposomeshwa kuichambua ripoti yake darasani, mhadhiri wa sheria atataka ujue kama wananchi walishirikishwa na kama njia mbadala zilipimwa kweli au zilitajwa kwa kupita. Mhadhiri wa mazingira atataka kujua sampuli za mto zilichukuliwa mwezi gani. Usilidharau swali hili la pili. Ripoti iliyopima mto wakati wa mvua pekee, maji yakiwa mengi na uchafu umezimuliwa, inaweza kuwa imetimiza kila kifungu cha sheria na bado isieleze chochote kuhusu kiangazi, wakati ambapo samaki hufa.

Vibali navyo ni shule tosha, na kusema kweli ndivyo vitakavyokula muda wako mwingi kazini kuliko mahakama. Tuseme kibali kinataka maji taka yasiwe na zaidi ya miligramu 30 za chembechembe zinazoelea kwa kila lita. Kinasomeka vizuri, lakini hakisemi zipimwe kwenye mdomo wa bomba au mita mia moja mbele yake, kwa chupa moja iliyochotwa saa nne asubuhi au kwa wastani wa saa 24. Mwenye kiwanda akitaka kukitimiza bila kupunguza uchafu hata gramu moja, ataongeza maji safi kwenye bomba, kwa kuwa aliyekiandika aliweka kikomo cha ukolezi, yaani kiasi cha uchafu katika kila lita, na kusahau kikomo cha jumla ya uchafu kwa siku. Na hata kibali kikiandikwa barabara, kesi inaweza kufia kwenye chupa ya sampuli: lakiri haina saa, hakuna saini ya aliyeipokea maabara, na haijulikani kama ilikaa kwenye baridi njiani. Wakili wa mshtakiwa hana haja ya kubishana na kemia yako, kwa sababu kuuliza chupa ilikuwa mikononi mwa nani usiku ule kunamtosha.

Kuhusu gharama ya njia hii, sitakuficha. Sheria itakutaka usome hukumu ndefu kila juma, na mazingira yatakutaka uwe maabara na uwandani, mara nyingi siku zilezile. Idara hizi mbili hazipangi ratiba pamoja, na mtihani wa takwimu hauna huruma na mtu aliyetoka kukesha na sheria ya mikataba. Pale chuo kisipotoa programu iliyounganishwa, ushauri wangu ni uanze na ile itakayokutia kwenye hesabu na sayansi ukiwa bado mbichi, kisha sheria ifuate, kwa sababu nimewafahamu wengi waliojifunza sheria wakiwa watu wazima na wachache sana waliorudi kwenye hesabu kwa hiari yao. Wapo watakaokushauri kinyume, na hoja yao kwamba leseni ya uwakili huchukua muda mrefu kuipata si ya kupuuzwa.

Lipo pia suala la maadili, ambalo silioni likizungumzwa vya kutosha. Wakili ana wajibu wa kutunza siri za mteja wake, ilhali mtaalamu wa mazingira, kutegemea sheria ya mahali alipo na masharti ya kibali, anaweza kuwa na wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka anapogundua uchafuzi. Ukiwa na sifa zote mbili, lazima ujue kabla hujaingia kwenye chumba cha mkutano umeitwa ukiwa nani, na uandike hivyo kwenye barua ya kukubali kazi. Majibu ya maabara yaliyoagizwa na wakili kwa ajili ya shauri yanaweza kulindwa yasitolewe kwa upande wa pili, lakini yaleyale yakiagizwa na mshauri wa mazingira huenda yasilindwe.

Kabla hujathibitisha nafasi yako, kiulize chuo mambo matatu kwa maandishi. Shahada hiyo ya pamoja inatambuliwa na chombo kinachosajili mawakili, au utalazimika kurudia baadhi ya kozi? Je, kuna somo hata moja linalofundishwa na wahadhiri wa idara zote mbili wakiwa darasa moja, au muungano upo kwenye jina la shahada tu? Na nani atakayesimamia tasnifu yako ikigusa pande zote mbili? Jibu la swali la mwisho likiwa ni msimamizi mmoja wa sheria peke yake, omba wa pili mapema, tangu mwaka wa kwanza. Majibu yakifika nitumie niyasome, hasa lile la usajili, maana hilo likiwa baya itabidi tuzungumze upya kuhusu ipi itangulie.

Wako,
Mjomba